Sanduku la Maneno: Huyu «cousin» ni kuze wa nani?

Wasomaji jambo. Wiki hizi tatu sanduku limejaa barua za neno moja tu, naona kuna kikundi cha wanafunzi hapa Bukavu kinatayarisha mchezo wa Shakespeare na kelele yake imetoka darasani imeshuka mpaka sokoni Kadutu, ju hata motari mmoja ameniandikia. Neno lenyewe ni «cousin». Sisi tulilipata kwa Kifaransa, tunatamka kuze, na tunamuita nalo kila mtu: mwenye tulisoma naye, jirani, hata mtu wa kijiji cha pili mwenye tulikutana naye jana kwa matanga. Waingereza nao walilipata kwa Kifaransa, ila wao ni zamani sana, na katika hadithi na michezo yao ya mwisho wa miaka ya 1500 na mwanzo wa miaka ya 1600 walikuwa wanalitupa huku na huku kama sisi tu. Kwa hiyo barua zingine zitangoja (mama wa Panzi mwenye aliuliza juu ya «bahasha», usikasirike, zamu yako inakuja).

*Mwalimu, jambo. Mimi niko nasoma Kiingereza hapa Ibanda, na tuko natayarisha kipande ya Hamlet. Mimi njo nacheza mufalme Claudius. Sasa pale mufalme anaongea na Hamlet mara ya kwanza, anamuita «cousin». Mais Claudius si kuze yake, ni ndugu ya baba yake! Benzangu bamoja banasema Shakespeare alikosea, bengine banasema ni karatasi ya prof njo mbaya. Nikifika pale niongee aje?*

Mudogo wangu, karatasi ya prof iko sawa na Shakespeare hakukosea. Kiingereza cha leo «cousin» ni mtoto wa ndugu ya baba ao wa ndugu ya mama, basi, mlango umefungwa. Lakini wakati Hamlet inachapwa, 1603 mara ya kwanza, na tena 1604 ikiwa ndefu zaidi, huo mlango ulikuwa wazi: jamaa yeyote mwenye si mzazi wako, si mtoto wako wa kuzaa, si ndugu wa tumbo moja, ungeweza kumuita «cousin». Mtoto wa kaka yako anaingia. Mjomba wako anaingia. Mjukuu hata yeye. Na watu wa ukwe wanaingia kwa dirisha.

Fungua Twelfth Night, mchezo mwingine wa Shakespeare, mwanzo mwanzo pale anaingia Sir Toby, ule mzee wa pombe. Sentensi yake ya kwanza analalamika juu ya Olivia, anamuita «niece», manake mtoto wa ndugu yake. Papo hapo Maria, mfanyakazi wa nyumba, anamjibu kwamba arudi mapema usiku, ju «cousin» yake, bibi wa nyumba, amechoka na masaa yake mabaya. Ni Olivia yule yule mmoja, mistari haijafika hata kumi, ameshakuwa niece ameshakuwa cousin, na jukwaani hakuna mtu anashtuka. Mbele kidogo Olivia mwenyewe anamkuta mzee amelewa mchana kweupe, anamuuliza imekuwaje usingizi wa pombe umemshika mapema hivi, na anamuita «cousin, cousin», mara mbili. Yaani neno linashuka kwa mtoto na linapanda kwa mjomba bila kubadilika. Kwetu hapa jaribu kumuita mjomba wako kuze mbele ya watu, uone kama utapata mahari kwake.

Mifano iko mingi, nakupa miwili tu. Katika Much Ado About Nothing mzee Leonato anamuuliza ndugu yake: iko wapi cousin yangu, mtoto wako? Na katika Richard III kuna bibi mzee, Duchess wa York, anawaita wajukuu wake ma-cousin wazuri, tena watoto wadogo kabisa wenye wametoka kupoteza baba yao.

Kitu kimoja kilinichekesha. Neno hili mizizi yake ni Kilatini, consobrinus, na mwanzoni kabisa lilimaanisha mtoto wa dada ya mama. Sasa mtoto wa dada ya mama kwetu Kivu ni nani? Ni ndugu! Mama yake ni mama mudogo ao mama mukubwa, mmekula sahani moja, ukimuita kuze atauliza nimekukosea nini. Kumbe neno lilianza na mtu yule yule mwenye sisi tunakataa kulitumia kwake.

Turudi kwa mfalme wako. Anamuita Hamlet «cousin» yake, na hapo hapo anaongeza: na mwana wangu. Kwa hesabu ya wakati ule yote mawili ni kweli, cousin ju ni mtoto wa kaka yake, mwana ju amemuoa mama yake kisha baba kufa. Hamlet anajibu pembeni, na hayo ndo maneno yake ya kwanza katika mchezo wote, anapiga ngumi kwa maneno mawili yenye karibu sauti moja, «kin», ambalo ni ujamaa, na «kind», ambalo lina utu wa asili na huruma ndani yake. Ni kama anasema ujamaa umezidi kidogo, upendo umepungua.

Sasa wewe mtoto wa Bukavu uko na shida yenye mwigizaji wa London hana. Kwetu ndugu ya baba ni baba. Mudogo ao mukubwa, ni baba. Na zamani kaka akifa, mdogo wake kumchukua mjane ilikuwa njia ya kuchunga watoto wasitawanyike, wazee wanakaa, mbuzi anachinjwa, mambo yanaisha. Watu wa salle wakisikia mfalme anamuita Hamlet mwana, watasema aa, baba mudogo mzuri huyo. Lakini kwa Waingereza wa ule wakati kanisa lilimhesabu mke wa kaka yako kama dada yako kabisa, na kila mtu alikumbuka kesi ya mfalme wao Henry VIII, mwenye alimuoa Catherine wa Aragon, mjane wa kaka yake, mwaka 1509, halafu alipotaka kumuacha alishika hoja hiyo hiyo ya mke wa kaka mpaka ndoa ikafutwa 1533 na Uingereza ikagombana na Papa wa Roma. Kwa hiyo kwa masikio ya London neno lenye kuchoma ni «mwana». Kwa masikio ya Bukavu lenye kuchoma ni «cousin», ju linamtoa kijana ndani ya nyumba ya baba na kumuweka barazani pamoja na wageni.

Kwa hiyo usikimbie juu ya hilo neno. Angalia tena mahali: mfalme yuko mbele ya baraza lake lote, ameshaongea mambo ya Norway, ameshamjibu kijana mwingine, Laertes, ndo sasa anamgeukia Hamlet. Mimi ningeliongea polepole, kwa sauti ya mtu mwenye anaweka mkono begani mwa mwenzake wakati wa kupiga picha. Na ukipata «cousin» mahali pengine katika michezo hii, usipoteze usiku ukichora mti wa ukoo, jiulize mwenye kulisema anatafuta nini na nani anamsikiliza.

*Mwalimu, amani ya Bwana. Mimi ni mukatekista hapa Bagira. Mutoto yangu iko na Biblia ya Kiingereza ile ya zamani, na pale Malaika anaongea na Maria, Luka 1:36, banaandika Elisabeti ni «cousin» ya Maria. Kiswahili inasema jamaa. Nani anadanganya?*

Hakuna mwenye anadanganya, Papa. Biblia ya mtoto bila shaka ni ile tafsiri ya mfalme James, ya 1611, yaani ni ya wakati wa Shakespeare mwenyewe, alikuwa bado hai. Neno la Kigiriki pale ni syngenis, manake mwanamke wa jamaa moja na wewe, halisemi ni wa upande gani wala wa ngazi ya ngapi. Msomaji wa 1611 aliposoma «cousin» alielewa jamaa tu, kama wewe unavyoelewa. Aya ya 58 vilevile: wenye walikuja kufurahi na Elisabeti, Kiingereza kile kinasema majirani na «cousins», Biblia ya Kiswahili, ile ya Union, inasema majirani na jamaa. Maana ya Kiingereza ndo ilihama baadaye, ikawa nyembamba, na watu wakaanza kuchora kwenye makaratasi eti Yohana na Yesu ni mabinamu wa ngazi hii na hii. Tafsiri nyingi mpya za Kiingereza zimeacha «cousin» pale, zinaandika jamaa. Kiswahili chetu kilikuwa kimeshafika.

Na kwa kuwa Papa anasoma vizuri, aangalie pia 1 Timotheo 5:4 katika hiyo Biblia ya mtoto. Inasema mjane akiwa na watoto ao «nephews». Leo «nephew» ni mtoto wa ndugu yako, lakini Kiswahili kinasema wajukuu, na Kiswahili ndo kina haki, ju nephew wa zamani alikuwa pia mjukuu. Hata katika Othello, Iago anapomtukana mzee Brabantio usiku chini ya dirisha lake, anamuambia utapata «nephews» wenye watalia kama farasi, na anaongelea watoto wa binti yake. Wazungu nao walikuwa na jikoni moja ya kupikia majina ya ndugu, baadaye ndo walinunua vyungu mbalimbali.

*Boss, mimi niko motari, stationi yangu iko Kadutu. Kuko mutu alipanda moto yangu, njia yote «kuze, kuze», tulifika akaniambia kuze ningojee hapa nalete makuta, na akapitia mulango ya nyuma. Petit yangu mwenye anasoma anasema kwa Kiingereza «cozen» ni kudanganya mutu. Ni neno moja na kuze?*

Kaka, kwanza pole ya makuta. Barua yako ni fupi lakini imenikamata hapa, ju nami nililiwa.

Ni miaka sasa. Nilikuwa narudi Bukavu kwa boti, niko pale bandarini Goma nangoja, kijana mmoja ananisaidia kubeba begi, anaongea vizuri, anauliza natoka pande gani, nasema Bagira, anauliza baba alikuwa anafanya kazi gani, nasema mwalimu, basi, anaweka begi chini, anaenda zake hata hakuomba kitu. Nikasema watu wazuri bado wako. Dakika kumi hivi anakuja bwana mwingine, shati ya pasi, chini ya kwapa ameshika fromaji ya Masisi, ile ya mviringo, ndani ya sashe. Ananiangalia, anarudi nyuma hatua moja: «Kuze! Si wewe mtoto wa Mwalimu, wa Bagira pale?» Mimi huyo najitafuta kichwani, huyu ni wa mama yangu ao wa baba, naona haya kusema sikujui. Tulisafiri pamoja, tulicheka sana, Idjwi inapita pembeni. Kushuka Bukavu akaniambia mzigo wake umekwama kwa dwani, nimpe dola 20 dakika moja tu, na kwa kunihakikishia akaniachia fromaji niichunge. Naichunga mpaka leo. Hapana, tuliikula, na kusema haki ilikuwa fromaji ya kweli, lakini ya dola 20 haikuwa.

Sasa sikia. Mwaka 1591 huko London mtu anaitwa Robert Greene alichapa kijitabu cha kufunua wadanganyifu wa mjini, jina lake A Notable Discovery of Coosnage, na hilo neno la mwisho ni hiyo «cozen» ya petit wako, udanganyifu. Anaeleza mchezo wenyewe hatua kwa hatua. Mkulima anafika mjini, amevaa nguo za kijijini, mfuko una kitu. Mtu wa kwanza anamsalimia kama anamjua, mkulima anasema hapana umekosea, yeye anaomba samahani lakini ameshapata jina lake na kijiji chake. Anakimbia kwa mwenzake. Mwenzake anazunguka, anakutana na mkulima kwa njia nyingine, anamuita kwa jina, anamuuliza habari za huyu na yule wa kijijini, na mkulima akishangaa anasema mimi si ndugu ya fulani, jirani yako! Mkulima anaona aibu kumsahau mtu, wanaingia kunywa, karata zinatoka mezani, mfuko unaisha. Nilisoma hiyo kurasa na nikaona shati ya pasi na fromaji. Zaidi ya miaka 400, na hawakubadilisha hata hatua moja!

Greene mkulima huyo anamuita sungura, na kazi yenyewe inaitwa kukamata sungura. Inanisumbua kidogo, ju katika hadithi zetu sungura njo mjanja, yeye ndo anawauzia fisi na tembo hewa. Kwa Greene sungura ndo analiwa.

Swali lako lenyewe: ni neno moja? Kamusi zina njia mbili za «cozen», kuna yenye inapitia Italia, kwa cozzone, dalali wa farasi (na dalali wa farasi unamjua, hata kama ni wa Italia). Njia ya pili inapitia Kifaransa, na hiyo tunaweza kuigusa kwa mkono. Mwaka 1611 Randle Cotgrave alitoa London kamusi kubwa ya Kifaransa na Kiingereza, na ndani yake kuna kitenzi cousiner, yaani «kukuzeni» tungesema. Cotgrave anaeleza: ni kudai ujamaa kwa faida yako, kama msafiri mwenye anataka kubana pesa ya njia, anatembea nyumba kwa nyumba, na kila nyumba anaingia kama cousin wa wenyewe. Hakuna mtu wa Bukavu anahitaji maelezo zaidi. Sote tuna mmoja mwenye alikuja kwa siku mbili kutafuta karatasi zake na sasa anajua ufunguo wa nyuma uko wapi.

Hata kama mizizi ingekuwa tofauti, kwa sikio la wakati ule lilikuwa neno moja. Hawakuwa na kuandika kwa namna moja, cousin waliandika cosen, cozen, coosin, vile mkono unataka, na waandishi wakaingia mle kucheza. Katika Richard III mfalme Richard amewaua watoto wawili wa kaka yake ndani ya mnara wa London, na anathubutu kuwaita cousins mbele ya mama yao. Mama anamjibu: cousins kweli, na baba yao mudogo ndo aliwa-«cozen», akawanyang'anya faraja, ufalme, ndugu, uhuru na uhai. Umeona vile anachukua neno la mtu kinywani mwake na kumrudishia likiwa na meno? Katika Henry IV, sehemu ya kwanza, Hotspur, ndo Harry Percy mwenyewe, anakumbuka vile mfalme alimbembeleza zamani akitafuta kiti, «gentle Harry Percy», «kind cousin», asali tupu, halafu anamaliza: shetani awachukue wadanganyifu kama hao, na kwa Kiingereza ni «cozeners».

Yenye napenda zaidi ni ya kuchekesha, iko katika The Merry Wives of Windsor. Wajerumani watatu wamepotea na farasi za mwenye hoteli, na Sir Hugh Evans, mpadri wa Wales mwenye Kiingereza chake kinachechemea, anakuja kumuonya mwenye hoteli kwamba kuna «cozen-germans» watatu wamekula wenye hoteli wa Reading, Maidenhead na Colnbrook, farasi na pesa. Nyinyi wenye Kifaransa mmeshasikia: cousin germain! Kuze wa kwanza kabisa, Mjerumani, na mwizi, vyote vitatu ndani ya neno moja, na padri hata hajui kama amechekesha.

Basi kaka, petit wako yuko sawa nusu na robo. Ila abiria mwingine akianza kuze njia yote, mwambie kwa moto hii kuze analipa mbele.

*Mwalimu, mimi ni stajere kwa avoka moja hapa muji. Nilisoma katika histori ya sheria ya Uingereza kama mufalme anaandikia ba-comte bake «cousin». Bote ni jamaa yake?*

Hapana maître, lakini kuna siku moja ilikuwa karibu kweli. Blackstone, mwanasheria mkubwa wao, alieleza katika kitabu chake cha 1765 kwamba ilianza na Henry IV, mwenye alitawala toka 1399 mpaka 1413. Huyo kwa upande wa mke wake, ao mama yake, ao dada zake, alikuwa na ujamaa na kila earl (ndo comte wao) wa nchi, na kwa ujanja, neno la ujanja ni la Blackstone si langu, hakuacha hata barua moja ipite bila kuwakumbusha. Wafalme wenye walimfuata waliendelea kuandika «trusty and well-beloved cousin» hata sababu ilipokuwa imeshakufa zamani.

Blackstone haongezi hii, mimi naiongeza. Huyo Henry IV alipataje kiti? Alimtoa Richard II, mwaka huo huo 1399, na Richard alikuwa cousin wake wa kweli, baba zao ni ndugu tumbo moja, wote watoto wa Edward III. Shakespeare, katika mchezo wa Richard II, anaonyesha pale Richard anaomba ataji iletwe, anaishika upande mmoja, anamuambia mwenzake ashike upande wa pili: «Here, cousin.» Anarudia, «here, cousin», kama mtu mwenye anampa ndugu yake sahani. Hapa neno hili limetumiwa kwa mtu anayestahili kwa damu kabisa, na katika michezo yote ya Shakespeare ndo hapa naona linauma kuliko pote. Na ilikuwa hatari kuonyesha mfalme anavuliwa ataji, kitabu cha kwanza cha mchezo huo cha 1597 hakina hicho kipande, kilichapwa mara ya kwanza 1608, Malkia Elizabeth akiwa ameshakufa. Mtu kama huyo, mwenye alichukua ataji mkononi mwa cousin, unaelewa kwa nini baadaye alihitaji kila earl ajisikie cousin.

Wakati wa Shakespeare mambo yalikuwa yale yale. Elizabeth na Mary, malkia wa Scotland, waliandikiana dada na cousin miaka mingi, na kweli walikuwa jamaa, bibi ya Mary alikuwa dada ya Henry VIII, baba ya Elizabeth. Mwaka 1587 Mary alikatwa kichwa kwa sahihi ya Elizabeth. Wazee wetu wenye walipitia Zaire wanajua namna serikali inaweza kukuita sitwaye, manake raia, asubuhi na kukufunga jioni, kwa hiyo siendelei.

*Mwalimu, dada yangu ananiandikiaka «coz» kwa telefone. Ni ile ile?*

Mudogo, ile ya telefone ni «because» imekatwa mkia, anakuambia «ju». Lakini «coz» ya ujamaa ilikuwepo pia, ndo cousin ya karibu, ya jikoni. Katika As You Like It Celia anambembeleza Rosalind afurahi, anamuita «sweet my coz», na hao ni watoto wa ndugu wawili wenye wamelala kitanda kimoja toka utoto. Baadaye kidogo baba ya Celia, Duke Frederick, anaingia na hasira, anamuambia Rosalind aondoke. Rosalind haamini, anauliza: mimi, baba mudogo? Frederick anajibu: «You, cousin.» Kisha anampa siku 10, akionekana karibu kuliko maili 20 na nyumba ya mfalme, ni kifo. Msichana mmoja, asubuhi moja, coz na cousin. Mwambie dada yako aandike lote.

*Mwalimu mupendwa, mimi ni kuze yako wa damu, wa hapa Nguba. Naomba uniazimie ile buku kubwa ya Shakespeare mwezi moja tu, nitarudisha mimi mwenyewe. Usinikatalie, tuko nyumba moja.*

Kuze wa damu, nimemuuliza mama yangu, nimemuuliza na shangazi, wote wamekaa kimya wakaangaliana. Buku haitoki. Lakini njoo hapa redaksio siku ya kazi tano kuanzia saa nane, kiti kiko, meza iko, utasoma mpaka giza, na usilete fromaji.